Kabla hujajaza begi prosesa za bei ghali, jua nani atazinunua

Prosesa 20 za daraja la juu zinaenea kwenye begi moja la mgongoni, na thamani yake inakaribia Dola 10,000 za Marekani. Kwa mfanyabiashara aliyezoea kupambana na marobota ya mitumba au katoni za vyombo pale Namanga, Busia, Mutukula au Rusumo, hesabu hiyo inavutia. Hakuna gharama kubwa ya lori, hakuna vibarua wa kupakua, wala bidhaa haiozi.

Lakini prosesa inaoza kwa namna yake. Kizazi kipya kinapotoka, cha zamani kinashuka bei hata kama boksi halijafunguliwa. Core i9-14900K ya Intel ilitangazwa Oktoba 2023 kwa Dola 589. Ndani ya miaka miwili bei yake katika maduka ya Marekani ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya Dola 100. Aliyekuwa na boksi 10 kabatini alipoteza Dola 1,000 bila kuibiwa. Kisha kuna mteja anayerudisha mzigo. Faida ya prosesa moja ni nyembamba, na moja ikirudi ikiwa mbovu inakula faida ya tatu au nne zilizouzika vizuri.

Wateja wapo na wanaongezeka. Miji yetu imejaa studio za video za harusi, watengenezaji wa video za muziki, wabunifu wa matangazo, wasanifu majengo wanaochora nyumba kwa sura tatu, na vijana wanaocheza gemu za kompyuta na kurusha mchezo wao mtandaoni. Wengi wao wamechoka na laptopu. Wanataka kompyuta ya mezani iliyojengwa kipande kwa kipande, na swali la kwanza wanalouliza dukani ni lilelile: prosesa gani ndiyo kali kuliko zote?

Swali hilo halina jibu moja, na muuzaji anayelijibu haraka kwa kutaja ya bei kubwa zaidi ndiye atakayerudishiwa mzigo. Prosesa inayoshinda kwenye gemu siyo inayoshinda kwenye kuhariri video. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua nini uagize, nini uache, na kiasi gani uweke kwenye kila aina.

Gemu na rafu ya chini ya meza

Tuanze na wacheza gemu, maana ndio wanaokuja na majina ya prosesa wameshayakariri.

Jina watakalolitaja ni Ryzen 7 9800X3D ya AMD. Ilitoka Novemba 2024 kwa Dola 479, na wakaguzi wa vifaa karibu wote waliipa nafasi ya kwanza kwa gemu. Ukiisoma kwenye karatasi haishangazi mtu: ina viini 8 tu, wakati Core i9-14900K ina viini 24. Kasi yake ya juu ni gigahezi 5.2, ya i9 ni 6.0. Mteja asiyejua ataona unamwuzia kitu kidogo kwa bei kubwa.

Siri iko kwenye kashe, ile kumbukumbu ndogo na ya haraka iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Mfanyabiashara wa Kariakoo ataielewa bila shida. Bidhaa zilizo kwenye rafu chini ya meza unamkabidhi mteja papo hapo. Zilizo ghalani mtaa wa tatu lazima umtume kijana, na mteja anasubiri. Kashe ndiyo hiyo rafu, na RAM ndiyo ghala. Gemu ina tabia ya kuulizia vitu vilevile mara maelfu kwa sekunde, hivyo mwenye rafu kubwa hashindwi. Prosesa ya kawaida ya ukoo huohuo, Ryzen 7 9700X, ina megabaiti 32 za kashe ya ngazi ya tatu. 9800X3D ina 96. Herufi X3D mwishoni mwa jina ndizo zinazotangaza rafu hiyo ya ziada, ambayo kiwandani huunganishwa na prosesa kama ghorofa.

Mtangulizi wake, 7800X3D ya mwaka 2023, aliwekewa ghorofa hiyo kwa juu, ikawa kama blanketi linalozuia joto kutoka. Kwenye 9800X3D AMD ilihamishia kashe chini, viini vikakaa juu karibu na kipozeo. Ndiyo maana mpya inakwenda kasi zaidi na inaruhusu fundi kuongeza mwendo. Lakini 7800X3D bado ni bidhaa nzuri, na ukiipata mpya kwa bei iliyoshuka inaweza kukuingizia faida kuliko ndugu yake mkubwa.

Hapa muuzaji mwaminifu anapaswa kuuliza swali la pili: unacheza gemu gani, na kwa skrini ipi? Picha za gemu hazichorwi na prosesa bali na kadi ya picha. Prosesa huandaa kazi, kadi huchora. Anayecheza kwa skrini ya 4K anaibebesha kadi yake mzigo mkubwa kiasi kwamba tofauti kati ya prosesa ghali na ya wastani hupungua sana, na mara nyingine haionekani. Tofauti huonekana wazi kwa anayetumia skrini ya 1080p yenye kasi ya hezi 240 akicheza Counter-Strike 2 au Valorant, mwenye kadi nzuri tayari. Mteja wa namna hiyo ndiye wa X3D.

Kijana anayetaka kucheza gemu za mpira na rafiki zake jioni hahitaji kitu hiki. Ryzen 5 yenye viini 6 inamtosha, na pesa inayobaki aiweke kwenye kadi ya picha. Na kama tatizo lake ni mchezo kukwamakwama anapocheza na watu wa nje, amwone kwanza anayempa intaneti. Hakuna prosesa inayotibu mtandao wa kusuasua, ingawa nimesikia ikiuzwa kwa ahadi hiyo.

Studio ni hesabu nyingine

Mhariri wa video ana kazi za aina mbili, na watu wengi huzichanganya.

Kazi ya kwanza ni kukata: anasogeza video mbele na nyuma, anaunganisha vipande, anataka picha ifuate mkono wake bila kukwama. Ya pili ni kutoa kazi iliyokamilika, pale anapobonyeza kitufe na kwenda kunywa chai. Ukitaka kuelewa kwa nini viini vingi vinasaidia kazi moja na siyo nyingine, fikiria mafundi cherehani. Oda ya sare 400 za shule ukiwagawia mafundi 16 itaisha haraka kuliko kwa mafundi 8. Gauni moja la harusi ukiwapa mafundi 16 watabaki kutazamana. Kutoa video ndefu, kuchora jengo la sura tatu kwa kutumia prosesa, kufungasha mafaili makubwa: hizo ni sare za shule. Gemu nyingi na kazi nyingi za Photoshop ni gauni la harusi.

Kwa sare za shule, AMD ina Ryzen 9 9950X yenye viini 16, iliyotoka Agosti 2024 kwa Dola 649. Intel ina Core Ultra 9 285K yenye viini 24, iliyotoka Oktoba 2024 kwa Dola 589. Usidanganyike na tofauti ya 16 na 24. Katika viini 24 vya Intel, 8 ni vikubwa na 16 ni vidogo vinavyobana umeme; vya AMD vyote 16 ni vikubwa. Kwenye kazi nzito prosesa hizi mbili zinakaribiana, moja ikishinda programu hii na nyingine ile.

Kuna jambo moja linaloipa Intel faida katika soko letu la video za harusi. Kamera nyingi mpya za Sony na Canon zinarekodi video ya biti 10 kwa mfumo unaoitwa 4:2:2, ambao unahifadhi rangi nyingi zaidi. Picha inapendeza, lakini faili ni zito kufungua, na kompyuta nyingi zenye nguvu hukwama pale pale kwenye kukata. Prosesa za Intel za karibuni zenye kichoraji cha ndani zina sehemu maalumu, Quick Sync, inayofungua mengi ya mafaili hayo. Ryzen haina uwezo huo kwa 4:2:2. Kadi za picha za Nvidia za RTX 40 nazo hazina. Zilizoupata ni za RTX 50 zilizotoka mwaka 2025. Kwa hiyo mhariri mwenye kamera ya namna hiyo na kadi ya zamani atafurahia Intel kuliko Ryzen ya bei kubwa zaidi. Mwenye RTX 50 anaweza kuchagua yoyote.

Ndiyo maana herufi F mwishoni mwa jina la prosesa ya Intel inapaswa kukushtua. Core i9-14900KF inauzwa bei nafuu kidogo kuliko 14900K kwa sababu haina kichoraji cha ndani. Kwa mcheza gemu mwenye kadi yake hakuna hasara. Kwa mhariri wa harusi umemnyima kile hasa alichohitaji, na hatajua hadi siku ya kazi.

Na anayefanya yote mawili, anahariri mchana na kucheza gemu usiku? Kwake kuna Ryzen 9 9950X3D, iliyotoka Machi 2025 kwa Dola 699: viini 16 na kashe ya megabaiti 128. Inakaribia sana 9800X3D kwenye gemu na 9950X kwenye kazi. Ina sharti moja ambalo mafundi wa haraka hulisahau. Kashe ya ziada iko upande mmoja tu wa viini vyake, yaani 8 kati ya 16, na Windows lazima ijue gemu ipelekwe upande upi. Hilo linahitaji programu za AMD za madabodi ziwekwe, Windows iwe imesasishwa na Game Bar iwe inafanya kazi. Ukiiweka kwenye Windows ya kunakili iliyokatwa vipande ili iwe nyepesi, mteja atalalamika kwamba prosesa yake ya Dola 699 inashindwa na ya 479.

Zaidi ya hapo kuna Threadripper, yenye viini vingi zaidi na soketi yake ya pekee. Hiyo usiagize mpaka mteja ameweka malipo ya awali.

Mtego wa i9 za bei ya kutupa

Katika masoko ya kompyuta ya Dubai, kama ule wa Barabara ya Khalid bin Al Waleed, na kule Huaqiangbei mjini Shenzhen, mnunuzi huonyeshwa pia vifaa vilivyotumika. Prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14, hasa i9-13900K na i9-14900K, zina jina kubwa, na zikitajwa kwa bei ya chini zinatia tamaa. Zina historia ambayo mfanyabiashara lazima aijue kabla ya kutoa pesa.

Kuanzia mwishoni mwa 2023 na katika mwaka 2024 wamiliki wa prosesa hizi walilalamika kwamba gemu zinajifunga zenyewe na kompyuta zinazima. Julai 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa zilikuwa zikiomba volteji kubwa kupita kiasi kwa sababu ya kasoro kwenye maelekezo ya ndani yanayoziongoza. Volteji hiyo huichosha prosesa taratibu, mpaka siku inaanza kukosea hesabu. Agosti mwaka huo kampuni ilitoa marekebisho ya kwanza kupitia BIOS za madabodi, na Septemba yakafuata mengine yenye namba 0x12B. Pia iliongeza waranti ya prosesa zilizohusika kwa miaka 2, hivyo za boksi zikafikisha 5.

Neno la kushika hapo ni hili: marekebisho yanazuia uharibifu, hayauponyi. Prosesa iliyokwisha kuchoka itabaki imechoka. Na kuchoka huko hakuonekani kwa macho wala kwa kuiwasha dakika 5 mezani kwa muuzaji. Inaweza kufungua Windows vizuri, ikacheza video, kisha ikaanguka wiki ya pili ikiwa Kampala au Bujumbura kwa mteja wako.

Mpya kwenye boksi lililofungwa, yenye waranti, ikawekwa kwenye madabodi yenye BIOS ya karibuni, hakuna ubaya kuiuza. Iliyotumika, isiyo na karatasi, ningeikwepa hata kwa nusu ya bei.

Tusiwaonee Intel peke yao. Mwaka 2023 baadhi ya 7800X3D ziliungua kwenye madabodi zao kwa sababu ya volteji, hadi AMD ikaweka kikomo cha volti 1.3 kupitia BIOS mpya. Madabodi za AM5 zilizokaa ghalani tangu miezi ya mwanzo ya 2023 zisasishwe kabla ya kuuzwa.

Soketi, BIOS na mzigo unaorudi

Prosesa haiuziki peke yake. Inakaa kwenye madabodi yenye soketi yake, na madabodi inataka RAM ya aina yake.

Ryzen za 7000 na 9000 zinakaa kwenye soketi ya AM5, na AMD imeahidi kuiendeleza hadi 2027 na kuendelea. Soketi iliyotangulia, AM4, ilianza 2016 ikabeba vizazi kadhaa. Intel hubadilisha baada ya vizazi viwili au vitatu: LGA1700 ilibeba vizazi vya 12, 13 na 14 ikaishia hapo, na Core Ultra 285K inataka LGA1851. Kwa mfanyabiashara maana yake ni kwamba madabodi ya AM5 isiyouzika mwaka huu ina nafasi ya kuuzika mwakani na prosesa mpya. Ya LGA1700 inategemea prosesa ambazo hazitaongezewa ndugu.

AM5 na LGA1851 zinakubali RAM ya DDR5 pekee. LGA1700 ilitoka na madabodi za DDR4 na nyingine za DDR5, na ukikosea huwezi kulazimisha. Mkato wa RAM hauingii. Bei ya RAM ilianza kupanda kwa kasi miezi ya mwisho ya 2025, viwanda vilipoelekeza uzalishaji kwenye kompyuta za akili mnemba, hivyo usimpangie mteja bajeti kwa bei ya mwaka jana. Kwa anayetaka gigabaiti 64, mwuzie mbili za 32 badala ya nne za 16. DDR5 zikikaa nne, madabodi nyingi hulazimika kupunguza kasi yake, na wakati mwingine kompyuta hukataa kuwaka.

Kisha BIOS, ambayo nadhani ndiyo inayorudisha mizigo mingi kuliko ubovu wenyewe. Madabodi za B650 na X670 zilitoka kabla ya Ryzen za 9000. Soketi ni ileile, prosesa inaingia bila tatizo, lakini kama BIOS ni ya zamani skrini inabaki nyeusi. Mteja aliyeko Goma ataona ameuziwa prosesa mbovu. Atairudisha kwa basi, utaipima, utaikuta nzima, na nauli ya kwenda na kurudi mmeshagawana lawama. Madabodi nyingi zina kitufe nyuma kinachoruhusu kusasisha BIOS kwa flashi hata bila prosesa. Kazi ya nusu saa dukani, kabla mzigo haujasafiri.

Joto nalo ni la kwetu. Hakuna hata moja kati ya prosesa za juu nilizozitaja inayokuja na feni ndani ya boksi. 14900K inaruhusiwa kula hadi wati 253. 9800X3D imepangiwa wati 120, na kwenye gemu hutumia chini ya hapo. Chumba cha Nairobi au Kigali kitaivumilia i9 kwa kipozeo kizuri cha maji. Chumba cha Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Februari, bila kiyoyozi, ni habari nyingine: prosesa ikifika nyuzi 100 hujipunguzia kasi ili isiungue, na mteja anabaki amelipia kasi asiyoipata. Mwenye ukumbi wa gemu wa kompyuta 10 atauona pia utofauti huo kwenye bili ya umeme.

Umeme wenyewe unakatika na kuyumba. UPS ndogo ya VA 650 hutoa chini ya wati 400 kwa kawaida. RTX 5090 peke yake inaweza kula 575. Mwuzie mteja UPS inayolingana na mashine yake, na humo mara nyingi kuna faida nzuri kuliko kwenye prosesa.

Boksi, trei na feki

Msambazaji atakupa bei mbili: ya boksi na ya trei. Prosesa ni ileile. Ya trei hutoka kwenye sahani za plastiki zilizokusudiwa kwa viwanda vinavyojenga kompyuta, na huwa nafuu. Tofauti iko kwenye waranti. Ya boksi ina waranti ya kiwandani ya miaka 3 kwa kawaida. Ya trei, Intel na AMD humwambia mteja arudi kwa aliyemuuzia, yaani wewe, na wewe urudi kwa muuzaji wako wa Dubai kama bado anapokea simu. Kwenye mji wako ambako unamfahamu mteja, trei inaweza kulipa. Kwa mzigo unaovuka mipaka miwili, ile nafuu unaichukua kama bima isiyokatwa.

Kuhusu feki, visa vimekuwepo. Mwaka 2017 wateja wa duka kubwa la mtandaoni Marekani walifungua boksi za Ryzen wakakuta prosesa kuukuu ya Intel iliyobandikwa lebo. Kilichowafichua walaghai ni upande wa chini: Ryzen za wakati ule zilikuwa na pini zilizochomoza, za Intel zina vidoa bapa. Leo AM5 nayo ina vidoa bapa, kwa hiyo kipimo hicho hakitoshi tena.

Linganisha namba ya prosesa yenyewe na ile ya lebo ya boksi. Kwa Intel, namba za FPO na ATPO zinaingizwa kwenye ukurasa wao wa kukagua waranti. Boksi ya Ryzen ina dirisha dogo linaloonyesha uso wa prosesa, na unaweza kusoma bila kukata muhuri. Ukiona prosesa imeandikwa "Intel Confidential" irudishe hapo hapo. Hiyo ni sampuli ya majaribio, mali ya Intel, haikupaswa kuuzwa. Iliyofunguliwa, iwashe na uitazame kwa programu ya bure ya CPU-Z. 9800X3D inayoonyesha megabaiti 32 za kashe badala ya 96 siyo 9800X3D, hata maandishi ya juu yakisema nini.

Mpakani

Udogo wa bidhaa hii unawashawishi wengine waipitishe begini kimya kimya. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu mzigo usiotamkwa kutaifishwa, na begi la Dola 10,000 ni mtaji wa mtu mzima. Ajabu ni kwamba hatari hiyo haina faida kubwa ya kukimbilia: chini ya Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya, kompyuta na sehemu zake zinaingia kwa ushuru wa asilimia 0. Kabati, feni na vifaa vya umeme vinaweza kuangukia mafungu mengine, muulize wakala wako kabla hujachanganya kwenye ankara moja.

Kuna wanaofika mpakani wakidai utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, ule wa mzigo usiozidi Dola 2,000 wenye cheti rahisi cha uasili. Utaratibu huo ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Geuza prosesa ya AMD usome usoni: kipande kimetengenezwa Taiwan, kimefungashwa Malaysia au China. Kununuliwa Nairobi hakuifanyi kuwa ya Kenya.

Kinachouma ni VAT. Kenya ni asilimia 16. Uganda na Tanzania Bara ni 18. Chukua prosesa ya Dola 479 kabla ya kodi. Ukiinunua Nairobi rejareja kama mteja wa kawaida, pale VAT inapotozwa, unalipa karibu 556. Ukifika Namanga, VAT ya Tanzania inahesabiwa juu ya ankara hiyo, na gharama inafika karibu 656. Lakini bidhaa inayouzwa kwenda nje kwa nyaraka za mauzo ya nje hutozwa VAT ya asilimia 0 Kenya. Ukinunua kwa utaratibu huo unaanza na 479, unalipa 18 upande wa pili, na prosesa inakusimamia kwa takribani 565. Hiyo ni tofauti ya Dola 90 kwa kila boksi, kabla ya nauli na tozo nyingine, na ni kubwa kuliko faida ambayo wengi wanaipata kwa kuuza.

Kwa hiyo mwambie mwenye duka la Nairobi tangu mwanzo kwamba mzigo unavuka mpaka. Atahitaji uthibitisho kwamba umetoka nchini, na wewe utahitaji ankara yenye namba za prosesa zilizoandikwa moja moja. Ankara hiyohiyo ndiyo itakayokusaidia siku mteja wa Arusha au Mwanza atakapoleta prosesa iliyokufa mwezi wa 20. Misamaha ya VAT kwa vifaa vya kompyuta hutofautiana nchi na nchi na hubadilika na bajeti za Juni. Anayeagiza mzigo mkubwa mwezi Mei anacheza kamari, labda awe na wakala anayesoma muswada wa fedha ukurasa kwa ukurasa.